Maswali ya Wasomaji: Kamera na Rekoda za Video Ndani ya Gari

Barua za safari hii zimetoka Kasulu, Urambo, Sikonge, Nguruka, Kigoma mjini na Tabora mjini. Tumeziweka pamoja kwa sababu malalamiko yanafanana: kamera imefungwa na hela imelipwa, lakini siku ya tukio picha hakuna. Mara nyingi kamera yenyewe haina kosa. Tatizo liko kwenye waya wa umeme, kwenye kadi, au kwenye mipangilio ambayo hakuna aliyeigusa tangu kifaa kitoke kwenye boksi.

Nina Coaster inayofanya Kasulu–Kigoma. Nataka rekoda ya kamera nne: mbele, mlangoni, ndani na nyuma. Fundi ninaye, anaujua umeme wa magari ila hajawahi kufunga rekoda. Tununue nini na tuanzie wapi?
*Mwenye Coaster, Kasulu*

Anzeni kwenye betri, kabla hata ya kwenda dukani. Zipo Coaster za volti 12 na za volti 24, na kuona betri mbili hakutoshi kukuambia. Betri zikiungwa sambamba umeme unabaki volti 12. Zikiungwa kwa kufuatana unakuwa 24. Weka mita kati ya ncha inayotoa waya mnene wa stata na ethi ya bodi. Gari likiwa limezimwa na betri zimejaa utasoma karibu 12.6 au 25.2, likiwa linaunguruma utasoma kati ya 13.8 na 14.4, au kati ya 27.6 na 28.8. Rekoda nyingi za magari zimeandikwa volti 8 hadi 36, maana yake zinakubali zote mbili, lakini soma kibandiko cha hiyo unayoinunua.

Vifaa ni hivi. Rekoda ya chaneli 4. Kamera ya kioo cha mbele isiyo na taa za infraredi (za kuonea gizani), kamera mbili za ndani zenye infraredi, na ya nyuma yenye kiwango cha IP67 au zaidi kwa sababu italowa mvua na kupigwa maji ya pampu. Kebo tatu za mita 5 na moja ya mita 10: Coaster ndefu inakaribia mita 7, na kebo inapanda nguzoni, inapita darini, kisha inashuka. Waya wa umeme wa milimita 1.5 za mraba, kishikio cha fyuzi, fyuzi ya ampia 5 au 7.5 kama karatasi ya rekoda inavyosema, vichwa vya waya vya duara, bomba laini la plastiki la kupitishia nyaya, raba za kuziba matundu, silikoni, na vibano vya plastiki vya kutosha. Usibane matumizi kwenye vibano. Kebo inayoning'inia hulika kwa mtikisiko.

Rekoda ikae juu, kwenye kisanduku chenye kufuli au nyuma ya kiti cha dereva, penye hewa. Isikae sakafuni, maana gari likioshwa maji yanaingia. Isikae juu ya kifuniko cha injini pia, kwa sababu joto la pale litaiua diski ya kuhifadhia video (hard disk) kabla ya mwaka kuisha. Kama rekoda inatumia hard disk, ilazwe bapa na ifungwe kwenye raba zake za kuzuia mtikisiko.

Sasa nyaya tatu za umeme, na hapa ndipo mafundi wazuri huteleza. Kwenye redio ya gari, waya wa njano ndio wa moto wa kudumu na mwekundu ndio wa funguo. Kwenye rekoda nyingi za video ni kinyume: mwekundu unaenda moja kwa moja kwenye betri, wa njano unafuata funguo, mweusi ni ethi. Fundi wa redio akifuata mazoea yake, rekoda itawaka vizuri na kila mtu ataridhika. Lakini dereva akizima gari, umeme unakatika ghafla badala ya rekoda kupewa nafasi ya kufunga faili lake, na dakika za mwisho, ambazo mara nyingi ndizo zinazotafutwa, zinaharibika. Msibahatishe. Someni maandishi yaliyoko kwenye soketi.

Waya mwekundu uungwe kwenye chanya ya betri, upande wa betri wa swichi kuu, si baada yake. Madereva wengi hukata swichi kuu wakifika, na rekoda iliyoungwa baada ya swichi hiyo inakufa nayo. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka betri, maana kipande cha waya kilichoko kati ya betri na fyuzi hakilindwi na kitu chochote kikichubuka na kugusa bodi. Waya wa njano tafutieni mahali penye moto funguo ikiwa "ON" na pasipokatika wakati wa kupiga stata. Mweusi uende kwenye hasi ya betri, au kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae, ufungwe kwa boliti na upakwe grisi. Ethi iliyofungwa juu ya rangi hufanya kazi wiki mbili, kisha matatizo yasiyoeleweka yanaanza.

Kuhusu unene wa waya, mtu atakwambia wa milimita 0.5 unatosha. Fanya hesabu. Kwa mita 5 za kwenda na 5 za kurudi, rekoda ikivuta ampia 2, waya huo unapoteza karibu volti 0.7. Wa 1.5 unapoteza chini ya robo ya volti. Wakati wa kupiga stata betri ya volti 12 inaweza kushuka hadi 9 na kitu. Ukiondoa hiyo 0.7 rekoda inasogea karibu na mpaka wake wa chini, inazima na kuwaka upya.

Kabla ya kutoboa bodi, tandazeni kila kitu kwenye viti, ungeni rekoda na kamera zote nne kwenye betri, muone picha zote. Kazi hiyo inachukua nusu saa na inaokoa siku nzima ya kufungua dari kutafuta kebo mbovu.

Kamera ya mbele iwe nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma, ndani ya eneo linalofutwa na waipa. Ya mlangoni ielekezwe ngazini, ionyeshe nyuso za wanaopanda, sio vichwa kutoka juu. Ya nyuma ifungwe kwenye bodi iliyosimama imara, sio kwenye mlango wa nyuma, kwani kebo inayokunjwa kila mlango unapofunguliwa hukatika ndani huku gamba lake likiwa zima. Tundu la kupitishia kichwa cha kebo liwe la milimita 16 hadi 20; pakeni rangi ukingo uliokatwa, wekeni raba, kisha silikoni. Nje ya tundu, kebo iachwe ishuke kidogo kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondokee pale chini badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Mkimaliza, wekeni muda wa rekoda kuendelea baada ya gari kuzimwa. Kwa gari la abiria tunapendekeza dakika 30, sio 5, maana mizigo hushushwa stendi gari likiwa limezimwa na hapo ndipo mabegi hupotea. Pigeni stata mara tatu huku mkiangalia kama rekoda inajizima. Kisha endesheni kwenye njia mbaya nusu saa, mtoe kadi, mkaiangalie kwenye kompyuta chaneli moja moja. Msilipe ufundi kabla ya hatua hiyo.

Nina Fuso ya volti 24, nabeba tumbaku. Fundi alifunga kamera za volti 12 kwa kuchukua umeme kwenye betri moja. Tangu hapo betri hiyo inachoka, na ya pili inaishiwa maji kila mara. Nimenunua betri mpya lakini hali ni ile ile.
*Mwenye Fuso, Urambo*

Pole, na usinunue betri nyingine kwanza. Hapo betri hazina kosa.

Betri mbili zilizofuatana hupitisha mkondo ule ule wakati wa kuchaji. Altaneta inatazama jumla tu, karibu volti 28, haijui kilichoko katikati. Kamera na rekoda zako zikivuta ampia 2 kutoka betri moja kwa saa 12, betri hiyo imepoteza ampia-saa 24 ambazo mwenzake hakupoteza. Altaneta ikianza kuchaji, betri iliyojaa inafika kileleni mapema na inaendelea kusukumiwa umeme. Maji yake yanachemka na kupungua. Iliyochoka haifiki kileleni kamwe. Ukiweka betri mpya, mpya nayo inaingia kwenye mzunguko huo huo.

Angalia kibandiko cha rekoda. Ikiandikwa volti 8 hadi 36, hamishia waya mwekundu kwenye chanya ya volti 24 na kazi imeisha. Kamera zinapata volti 12 zake kutoka ndani ya rekoda kupitia kebo zao. Ikiandikwa volti 12 pekee, weka kibadilishi cha volti 24 kwenda 12 chenye uwezo wa ampia 5 au zaidi, kiungwe kwenye betri zote mbili. Fyuzi ikae kabla ya kibadilishi, upande wa betri.

Kisha tenganisha betri, kila moja ichajiwe peke yake usiku kucha. Zikishatulia saa kadhaa, zipime. Tofauti ikizidi volti 0.3 kati ya moja na nyingine, ile ya chini imeshaumia, na ukiirudisha itaivuta mwenzake.

Basi letu lilikwaruzana na lori. Tukaenda kutoa video siku ya sita, tukakuta imeshafutwa. Rekoda ina kamera nne na kadi ya GB 256. Muuzaji alituambia inatunza mwezi mzima.
*Msimamizi wa mabasi, Tabora mjini*

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kila msimamizi aijue. Kila megabiti 1 kwa sekunde ni GB 0.45 kwa saa. Kamera ya 1080p iliyowekwa megabiti 2 inakula GB 0.9 kwa saa. Kamera nne zinakula GB 3.6. Basi likitembea saa 14 kwa siku, ni GB 50.4. Kadi iliyoandikwa 256 huhesabiwa na rekoda kama 238 hivi. Gawanya: ni takribani siku tano tu. Baada ya hapo rekoda inaanza kuandika juu ya video ya zamani kuliko zote, na hivyo ndivyo ilivyotengenezwa.

Njia ya kwanza ni kupunguza mahali pasipohitaji. Kamera ya mbele na ya mlangoni zibaki megabiti 2, za ndani na nyuma zishushwe hadi 720p na megabiti 1. Matumizi yanashuka hadi GB 37.8 kwa siku, na kadi hiyo hiyo inafika siku ya sita. Njia ya pili, ambayo kwa basi la masafa ndiyo tunayoikubali, ni rekoda inayopokea hard disk au SSD ya TB 1: kwa mipangilio hiyo ya pili utapata siku 24. SSD ni ghali zaidi lakini haina sahani inayozunguka ndani, hivyo haiogopi matuta.

Hata hivyo nafasi kubwa haiwezi kuchukua mahali pa utaratibu. Tukio likitokea, gari likisimama tu, video itolewe siku hiyo hiyo au fyuzi ya rekoda ichomolewe baada ya gari kuzimwa na rekoda kujifunga yenyewe. Dereva aelekezwe hivyo kwa maandishi. Rekoda nyingi zina kitufe cha dharura cha kufungia faili lisifutwe. Kiwekwe pale mkono wa dereva unapofika akiwa amefunga mkanda.

Trafiki aliiangalia video yetu akasema haikubaliki kwa sababu saa haiendani na ajali. Ajali ilitokea saa 2 usiku, video inaonyesha 01:00 ya kesho yake.
*Dereva, Kigoma mjini*

Rekoda yako bado iko kwenye saa ya China, GMT+8. Tanzania ni GMT+3. Saa 2 usiku kwetu ni 20:00, ukiongeza saa tano unapata 01:00 ya siku inayofuata. Ukishamaliza kukionyesha kifaa kama ushahidi, ingia kwenye mipangilio ya muda, weka GMT+3, zima mabadiliko ya saa ya majira ya joto, washa kusahihisha saa kwa GPS. Antena ya GPS iwe mahali panapoona anga: juu ya paa au chini ya kioo cha mbele. Ikifichwa chini ya bati haipati setelaiti, na saa inaanza kukimbia au kuchelewa taratibu.

Kwa video uliyonayo, usiihariri kurekebisha saa. Iache ilivyo, uandike maelezo kwamba saa ya kifaa iko mbele kwa saa tano, na uonyeshe kifaa chenyewe kabla hakijarekebishwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kwenye kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, inaangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haujaguswa. Faili la asili pamoja na kadi yake lina nguvu kuliko nakala iliyopita WhatsApp, ambayo imeminywa na kupoteza taarifa zake. Nakili pia programu ya kuchezea video inayokuja na rekoda, kwa sababu aina nyingi zinahifadhi kwa mtindo wao ambao kompyuta ya kituoni haiufungui.

Nina Probox ya teksi. Nimeweka kamera ya dashibodi inayorekodi hata gari likiwa limeegeshwa. Asubuhi ya pili au ya tatu gari haliwaki.
*Dereva teksi, Tabora mjini*

Kamera ikivuta ampia 0.3 gari likiwa limelala, kwa saa 24 imekula ampia-saa 7.2. Betri ndogo ya ampia-saa 35 haipaswi kutolewa zaidi ya nusu, na ikiwa imezeeka nusu yenyewe haipo. Siku mbili zinatosha kuimaliza.

Tumia waya maalumu wa kuunga kamera kwenye boksi la fyuzi, wenye kikatio cha volti. Kiweke kwenye 12.2 au 12.4, sio 11.6. Watu hupenda 11.6 kwa kuwa kamera inadumu muda mrefu, lakini betri ya risasi iliyoshuka hadi hapo imeshaisha kabisa. Weka pia kikomo cha saa, tuseme 6. Usichukue umeme kwenye fyuzi ya eabegi, breki za ABS au kompyuta ya injini. Chukua kwenye ya soketi ya kuwashia sigara au ya redio. Gari lako likiwa na eabegi za kwenye nguzo za mbele, kebo ipite nyuma ya mfuko, sio mbele yake.

Kitu kingine kwa jua la Tabora la mwezi wa kumi: chagua kamera inayotumia kapasita badala ya betri ya lithiamu ndani yake. Betri ya lithiamu nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani huvimba hadi kufungua gamba la kamera. Na kikombe cha kunyonya kioo hudondoka kwa joto hilo hilo. Futa kioo kwa spiriti, kikauke, kisha tumia gundi ya pande mbili.

Kamera ya pikapu inasema kadi imejaa wakati imewekwa ijifute yenyewe. Natembea njia za vumbi vijijini kufuata asali.
*Msomaji, Sikonge*

Kamera ina kihisi cha mshtuko. Kila shimo unaloruka inalihesabu kuwa ajali, inafunga faili lisifutwe. Baada ya siku chache za njia mbaya kadi imejaa mafaili yaliyofungwa na hakuna la kufuta. Shusha kihisi hadi kiwango cha chini kabisa. Kwenye njia za makorongo hasa, kizime. Nakili unachohitaji, kisha ifute kadi yote kwa menyu ya kamera yenyewe, sio kwa kompyuta. Rudia kila mwezi.

Nataka kuona basi langu moja kwa moja kwenye simu. Kati ya Nguruka na Uvinza picha hukwama. Je, na video inapotea?
*Mwenye basi, Nguruka*

Haipotei. Rekoda inaandika kwenye kadi au diski muda wote. Laini ya simu ni ya kukuonyesha tu. Mtandao ukirudi unaweza kuomba kipande cha saa fulani kikashuka kwenye simu yako.

Ikiwa inakwama hata mjini, angalia antena ya 4G. Mafundi huikunja na kuibana pamoja na lundo la kebo za ziada nyuma ya rekoda. Itoe, iweke mbali na chuma. Laini iondolewe namba ya siri kabla ya kuingizwa, na jina la kuingilia mtandao la kampuni ya simu, lile la APN, liandikwe kwenye mipangilio, maana rekoda haijui kulitafuta yenyewe kama simu.

Kwenye bando, tazama kwa picha ndogo ya kilobiti 384 kwa sekunde, sio picha kamili. Kamera moja kwa saa moja ni takribani MB 170. Ukiacha kamera zote nne wazi saa 10, umekula karibu GB 7 kwa siku kwa basi moja. Fungua unapohitaji, funga.

Je, tunaruhusiwa kurekodi abiria? Na fundi akiunganisha rekoda na kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuna shida?
*Msimamizi, Kasulu*

Sura ya mtu na sauti yake ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa hizo wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, wawajulishe watu, na wazitumie kwa lengo walilozikusanyia. Kwa vitendo: bandika tangazo la Kiswahili mlangoni linalosomeka kabla abiria hajapanda, andika nani ana namba ya siri ya rekoda, na badilisha ile iliyokuja nayo kiwandani, ambayo kila fundi anaijua. Sauti ya ndani izime kama huna sababu ya kuirekodi. Video ya abiria kuishia kwenye kundi la WhatsApp la madereva ni kumkosea mtu aliyelipa nauli yake, na inaweza kukufikisha mbele ya sheria.

Kifaa cha kufuatilia mwendo kinachosimamiwa na LATRA kiacheni na nyaya zake. Msichukue umeme kwake, wala ethi yake, wala antena. Kikizima kwa sababu ya kiungo chenu, kwenye mfumo itaonekana kama kimechezewa.

Maswali mafupi

*Kamera ya kioo cha mbele usiku inaonyesha weupe mtupu.* Ina taa za infraredi, zinagonga kioo na kurudi. Zizime kwenye mipangilio. Kama haiwezekani, zizibe kwa tepu nyeusi bila kugusa lenzi.

*Picha ina michirizi inayotembea, inazidi nikikanyaga mafuta.* Umeme wa altaneta unaingia kwa njia ya ethi mbili. Gamba la kamera linagusa bodi wakati kebo yake nayo ina ethi. Weka kipande cha raba chini ya kamera na tumia skrubu zisizounganisha gamba na chuma, kisha hakikisha ethi ya rekoda iko sehemu moja tu. Taa za LED za urembo za bei rahisi nazo huleta michirizi; zizime ulinganishe.

*Chaneli moja ni nyeusi, kamera ni mpya.* Ihamishie kwenye kebo ya chaneli inayofanya kazi. Ikionyesha, kebo ni mbovu. Isipoonyesha, linganisha aina ya picha: kamera ya AHD (analogi ya picha safi) ya fremu 25 kwa sekunde kwenye chaneli iliyowekwa fremu 30, au iliyowekwa kwa kamera za zamani za analogi, mara nyingi haitoi kitu.

*Namba za magari ya nyuma zinasomeka kinyume.* Kamera ya rivasi hugeuza picha kama kioo ili imsaidie dereva. Zima ugeuzaji huo kwenye rekoda. Baadhi ya kamera za bei rahisi zina kitanzi cha waya mdogo cha kukata. Soma karatasi yake kabla ya kukata, kwa sababu kingine kinachofanana nacho ni cha mistari ya maegesho.

*Nimeuziwa kadi ya GB 512 kwa bei ya kutupa, inarekodi saa chache halafu video hazifunguki.* Ni kadi ya uwezo wa uongo: imeandikwa 512, ndani kuna GB 32 au pungufu, na kinachozidi hapo hakihifadhiwi. Ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta, inayojaza kadi yote kisha kuisoma. Nunua kadi iliyoandikwa kuwa ni ya kurekodi muda mrefu, "High Endurance", na uipime dukani au urudi nayo siku hiyo hiyo kabla muuzaji hajasahau sura yako.